Kulia kwenda, kushoto kurudi: kiti cha mama anayetaka kuuona Kibo kutoka juu

Swali: Shikamoo. Mwezi wa nane tunakwenda Moshi kwenye harusi ya mdogo wangu, tunaruka kutoka Dar mpaka KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Nitakuwa na mama, ana miaka 71 na hajawahi kupanda ndege. Amezaliwa Rombo, mlima ameutazama kutoka chini tangu utoto, na sasa anasema anataka auone kutoka juu walau mara moja. Kila ninayemuuliza ana jibu lake: huyu anasema kulia, yule kushoto, mmoja kaniambia tukae mbele, mwingine nyuma kabisa. Nichague siti ipi, na ndege ya saa ngapi? Nisije nikamlipia mama nauli yote ile halafu akaishia kutazama bawa.

Jibu: Marahaba mwanangu, na mama mfikishie shikamoo yangu.

Nianze na la tiketi, maana najua nauli hazisubiri. Kwenda KIA kaeni kulia, mbele ya bawa. Kurudi Dar kaeni kushoto, nyuma ya bawa. Kwa hiyo hao wote waliokushauri hawakukudanganya. Kila mmoja alikupa jibu la safari aliyopanda yeye, akasahau kukuambia alikuwa anaenda au anarudi.

Kazi yangu ni kukata tiketi, mwaka wa kumi na tisa huu. Swali la upande huwa linakuja mwisho, mteja ameshalipa na ameshashika kitasa cha mlango: "Eti mlima uko upande gani?" Ningependa liwe la kwanza, kwa sababu likiwa la kwanza linabadilisha hata saa ya kuondoka. Ngoja nikueleze.

Chukua ramani ya Tanzania, uweke rula kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi KIA. Utapata kama kilomita 450, mstari unaopanda kuelekea kaskazini-magharibi. Tazama vilivyobaki mkono wa kulia wa rula: Usambara kwanza, kisha Upare, kisha Bwawa la Nyumba ya Mungu, na mwishoni, kaskazini-mashariki mwa uwanja wa KIA, Kilimanjaro yenyewe. Mkono wa kushoto ni nyika ya Wamasai, tambarare na kavu, mpaka Mlima Meru ujitokeze karibu na kutua. Hapo suala la kulia limekwisha.

La mbele na nyuma linahitaji kutazama zaidi kidogo. Kutoka KIA hadi Kibo, kile kilele kirefu kuliko vyote cha Kilimanjaro, ni kama kilomita 50 kwa mstari ulionyooka, na mlima uko mbele zaidi ya uwanja. Maana yake ni kwamba njia nzima ya kwenda, mlima hauwapiti. Mkiwa juu ya Same uko karibu na pua ya ndege, hata dirishani haujaingia vizuri. Mkikaribia Nyumba ya Mungu umeanza kuingia kioo cha kulia, na unazidi kusogea mpaka mnatua, lakini hauvuki bega lako kwenda nyuma. Mama atakuwa anautazama kwa kugeuza shingo mbele kidogo. Akikaa nyuma ya bawa, mbele yake kuna nini? Bawa. Wakati wa kurudi mambo yanageuka: ndege ikishaelekea Dar, mlima uko kushoto na unabaki nyuma ya bega muda wote, kwa hiyo aliyekaa mbele ndiye bawa linamkata, na aliyekaa nyuma anao mpaka utakapofifia.

Rubani haendeshi kwa rula, nalijua hilo. Kuna njia za anga, kuna waongozaji, kuna wingu la kukwepa. Ukitaka uhakika zaidi ya ramani, chukua namba ya ndege yako uitafute kwenye Flightradar24, tovuti inayoonyesha njia za ndege, uone ilipita wapi juzi na jana. Ukitazama siku tatu nne utaona kwamba mstari hauhami sana. Kinachoweza kubadilika ni mwisho wa safari. Njia ya kurukia ya KIA imelala mashariki na magharibi, na upepo ukivuma kutoka mashariki ndege hutua ikitazama huko huko mashariki. Ikitoka Dar, basi, italazimika kwanza kwenda upande wa magharibi, igeuke, ndipo itue. Ikigeuka namna hiyo, dakika zile za mwisho Kilimanjaro inahamia kushoto, na Meru nayo iko kushoto. Abiria wa kulia wanaanza kulalamika. Mwambie mama mapema asije akafikiri mlima umemkimbia. Atakuwa ameshapata sehemu yake kubwa.

Sasa kosa la kijinga kabisa, ambalo nimelifanya mwenyewe nikiwa tayari naitwa mtaalamu. Herufi A siku zote ni dirisha la kushoto, lakini kushoto kwa mtu aliyekaa akitazama mbele, kwa chumba cha rubani. Ukiingia kwa mlango wa mbele unatembea ukitazama mkia, kwa hiyo A iko mkono wako wa kulia. Mimi nilikuwa nimechagua siti kichwani kwa kujiona nimesimama mlangoni, nikajipa 7A kwa raha zangu. Nilitazama nyika ya Wamasai kwa saa nzima huku upande wa pili watu wanainuka na simu, "Ona! Ona!" Kulia ni herufi ya mwisho: F kwenye ndege nyingi, K kwenye zile kubwa zenye njia mbili. Usihesabu ukiwa umesimama.

Tuje kwenye saa, ambapo ndipo watu wengi wanapopoteza mlima wakiwa wamekaa upande sahihi.

Kanuni ya watu wa mlimani ni asubuhi. Alfajiri anga ni safi, kufika saa tatu au saa nne mawingu yameanza kupanda kutoka msituni, mchana mlima umejifunika, na jioni mara nyingi hujifunua tena kabla ya jua kuzama. Mama anaijua ratiba hiyo kuliko mimi. Lakini yeye anaijua akiwa amesimama chini. Mwezi wa nane Moshi ni kipindi cha baridi, lile wingu zito la kijivu linaweza kukaa juu ya mji tangu asubuhi, na mtu akaishi siku tatu chini ya Kibo bila kukiona. Wingu hilo liko chini. Kibo kina mita 5,895. Ndege ikishatoboa, juu kuna jua tupu, na mlima umesimama juu ya zulia jeupe kama kisiwa. Kwa hiyo siku hiyo mkiamka Dar, mkapiga simu Moshi, mkaambiwa "huku wingu tupu, mlima hauonekani", msikate tamaa. Anayekujibu yuko chini ya dari.

Shida ya asubuhi ni nyingine, nayo ni jua. Dirisha la kulia kwenda KIA linatazama kaskazini-mashariki. Mwezi wa nane jua linachomoza mashariki, limeegemea kaskazini kidogo. Ndege ya saa kumi na mbili na nusu au saa moja asubuhi itakuwa na jua lile limeingia moja kwa moja kwenye kioo cha mama. Mlima mtauona, tena kwa mchoro mzuri, lakini utakuwa kivuli: umbo jeusi la buluu, barafu haing'ai, na kila mkwaruzo wa kioo unawaka kama uzi wa moto. Ndege ya alasiri, inayofika KIA kati ya saa kumi na saa kumi na moja na nusu, jua liko nyuma ya mgongo wenu. Linaupiga mlima usoni. Ile miamba ya kahawia inaonekana mikunjo yake, na barafu inakuwa na rangi.

Ningekuwa mimi? Kwa vile mna safari mbili, msiziweke saa moja. Kwenda mchukue ya asubuhi, si ya alfajiri kabisa, ile ya saa mbili au saa tatu kama ipo, ambapo jua limeshapanda kidogo na mawingu bado hayajakusanyika. Kurudi mchukue ya jioni, kushoto, jua likiwa upande wa pili wa ndege. Kama nauli inawalazimisha kuchagua moja tu ya maana, nichagulie ya jioni. Wengi katika kazi yangu watakuambia asubuhi. Mimi nimeona watu wakishuka na picha za asubuhi, na nimeona za jioni.

Kurudi kuna jambo moja la kujiandaa nalo: mlima hauwasubiri. Kwenda mna muda wa kuzoea, chai inapita, Pare inapita, ndipo mlima. Kurudi mlima uko pale pale dakika ya kwanza. Ndege ikirukia upande wa mashariki, magurudumu yakishaachia ardhi tu, Kibo kiko kushoto, na bado mko chini, mnakitazama kwa kuinua macho. Kisha ndege inapanda, na mlima unashuka taratibu mpaka unakuwa usawa wa uso wenu. Hizo ni dakika kumi, labda kumi na tano. Simu iwe mkononi kabla ya kuruka, imeshawekwa katika hali ya ndege. Asiyejiandaa anaanza kupekua mkoba wakati Kibo kinaondoka.

Sasa ndege yenyewe. Kwenye tiketi au wakati wa kutafuta safari, karibu na namba ya ndege, pana kifupisho cha herufi na tarakimu ambacho abiria hawakisomi. Kisome. DH4 ni Dash 8-400, hii tuliyozoea kuiita Bombardier au pangaboi, yaani ndege ya mapanga yanayozunguka. AT7 ni ATR 72, nayo ya pangaboi. 223 ni Airbus A220-300. 7M9 ni Boeing 737 MAX 9.

Kwa mtu anayetaka kutazama nje, pangaboi si ya kudharauliwa hata kidogo. Mabawa yake yamepachikwa juu ya madirisha, kwa hiyo hakuna bawa la kukukinga usione ardhi. Tena hairuki juu sana. Ikiwa kwenye mwinuko wake wa kawaida iko kama mita 6,000 hadi 7,500, maana yake Kibo hukitazami kama kichuguu kilicho chini huko, unakitazama uso kwa uso. Viti vimekaa viwiliviwili, hivyo wewe na mama mnapata benchi lenu bila mtu wa tatu. Cha kuepuka ni safu zilizo sambamba na injini, ambako dirisha zima ni chuma na panga linalozunguka, na kelele ndiko zilikojaa. Kwa Dash 8 kuna burudani ya ziada ambayo watoto wanaijua kuliko wakubwa: magurudumu makubwa yanatoka ndani ya mfuko wa injini, chini ya bawa. Aliyekaa nyuma kidogo ya injini anaona mlango unafunguka, mguu unashuka, na wakati wa kutua anaona tairi inavyogusa lami na kutoa moshi. Kwenye ATR huoni hayo, magurudumu yamefichwa tumboni. ATR, kwa taarifa yako, abiria hupandia mlango wa nyuma, kwa hiyo safu za nyuma ndizo zilizo karibu na ngazi. Kwa mama wa miaka 71 hilo lina uzito wake.

Ndege za jeti bawa liko chini ya dirisha, na katikati yote ya ndege huoni ardhi. Hapo ndipo neno langu la mbele na nyuma linapobana. Siti za nyuma ya bawa zina kasoro nyingine ndogo: hewa ya moto ya injini hutetemesha kila kinachoonekana nyuma yake, kama barabara ya lami saa saba mchana. Ukikaa nyuma, basi kaa nyuma ya kweli, safu tano sita za mwisho. A220 ina viti viwili upande mmoja na vitatu upande wa pili. Wakati wa kuchagua, ramani ya viti itakuonyesha upi ni upi. Kama upande wenu ni wa watatu, mama dirishani, wewe katikati, na mgeni wa njiani awe mgeni wenu.

Usichague safu ya mlango wa dharura kwa sababu ina nafasi ya miguu. Anayekaa pale anatakiwa aweze kufungua mlango na kusaidia wengine, na mhudumu akimwona mama atawahamisha, pengine upande msioutaka. Na jambo jingine: si kila siti ya dirishani ina dirisha. Kwenye Boeing 737 kuna mahali mbele kidogo ya bawa ambapo mabomba ya kiyoyozi yanapanda ndani ya ukuta, na hapo mtengenezaji hakuweka dirisha. Niliwahi kumkatia mteja wangu siti hiyo, tena ya kulipia, kwa shirika ambalo sitalitaja, akanipigia simu kutoka ndani ya ndege, "Mzee, umenipa ukuta." Siku hizi naangalia picha ya mpangilio wa viti kabla ya kubonyeza, nawe fanya hivyo.

Ukishachagua, usiamini mpaka siku yenyewe. Ndege ikibadilishwa, mfano A220 ikaharibika mkaletewa Dash 8, mfumo unawapanga upya na unaweza kuwatenganisha. Siku moja kabla ya safari fungua tena tiketi yako mtandaoni, thibitisha viti, na uwanjani muulize wa kaunta kabla hajachapa pasi ya kupandia: "Hii F ni dirisha la kulia?" Swali la sekunde tatu.

Kuhusu kioo. Kioo cha ndege kina tabaka tatu. La nje ndilo linalobeba shinikizo lote la hewa. La katikati lina kitundu kidogo sana upande wa chini, na mama akikiona usishangae akishtuka kwamba ndege imetoboka. Kipo makusudi: kinasawazisha hewa kati ya tabaka na kuzuia ukungu. Mkipanda juu mtaona chembe za barafu zimechanua kukizunguka, ndogondogo kama maua ya nazi iliyokunwa. La ndani ni plastiki tu, la kuzuia mikono yetu, na ndilo lenye mikwaruzo. Picha ikiharibika ni la ndani linaloleta shida: linarudisha sura ya shati lako jeupe na taa za ndani. Mwombe mama abebe kaniki. Jifunikeni kichwa na simu kwa pamoja, kama wapiga picha wa zamani wa studio, na kioo hakitarudisha kitu. Simu isogee karibu kabisa na dirisha lakini isiguse, mtetemo unaingia kwenye picha. Mkivaa miwani ya jua ile ya kukata mng'ao, plastiki ile itawaonyesha rangi za upinde wa mvua kila mahali. Ivueni.

Sasa mama mwenyewe, kwa sababu yeye si abiria wa kawaida wa dirishani. Mtu wa Rombo ameukuta mlima upande wa mashariki. Kilima kilichosimama juu ya nyumba yao ni Mawenzi, mita 5,149, lile jino lililovunjikavunjika, na Kibo kiko nyuma yake. Kutoka dirisha lenu Kibo kitakuwa kushoto, kikubwa na cha mviringo, Mawenzi kulia, na kati yao tandiko pana la kama kilomita 10 ambalo mtu wa chini halioni vizuri. Inawezekana kabisa akakuuliza, "Huu ni mlima gani?" Mwonyeshe Mawenzi kwanza. Hapo atajipanga mwenyewe, na ukiwa na bahati atakusimulia jinsi Mawenzi alivyozoea kwenda kuomba moto kwa Kibo mpaka Kibo akachoka, akamtandika kwa mchi. Ule mpasuko wote ni alama za mchi.

Atashangaa pia uchache wa barafu. Barafu iliyokuwapo mwaka 1912, zaidi ya asilimia 80 yake imeshayeyuka, na sehemu ya upungufu huo umetokea ndani ya umri wake mwenyewe. Upande wa kusini mtakaouona mtakuta vipande vya barafu vinavyoning'inia chini ya ukingo, vinavyoitwa Heim, Kersten na Decken, na juu ni kofia iliyochanika. Msitegemee kuchungulia ndani ya kreta. Kwa safari ya KIA ndege inaanza kushuka mapema, na mlima uko mbali kidogo. Wanaochungulia kreta ni abiria wa Nairobi–Dar au Nairobi–Zanzibar kwa jeti, wakiwa zaidi ya mita 10,000, na siku njema wanauona hadi ule mviringo wa shimo la majivu katikati.

Na kwa kuwa nimewataja: Nairobi kwenda Dar au Zanzibar mlima kwa kawaida uko kulia, kurudi kushoto. Nairobi kwenda KIA, kushoto. Nairobi kwenda Mombasa, kulia, ila mbali, zaidi ya kilomita 100. Hapo nakushauri uutafute juu ya mawingu, maana watu wengi wanautazama wakidhani ni wingu. Nairobi kwenda Kisumu kaa kulia pia, upate Longonot na Ziwa Naivasha mkivuka Bonde la Ufa. Dar kwenda Mwanza kulia, Ziwa Eyasi linapita kama bati jeupe. Lakini ile ya Mwanza mimi huipenda usiku wa giza, mwezi haupo, ambapo wavuvi wa dagaa wamewasha taa zao ziwani na unadhani kuna mji mkubwa ambao ramani imeusahau. Dar–Zanzibar ni dakika ishirini, upande haunisumbui, naangalia maji: maji yakipwa, hasa siku za bamvua, mafungu ya mchanga na miamba inajitokeza, na bahari inakuwa na rangi kumi. Mkitokea kusini, kisiwa cha Chumbe kiko kushoto. Ndege ndogo za Caravan mara nyingi hazina namba za siti, kwa hiyo anayewahi foleni ndiye anayechagua, mpaka rubani amhamishe kwa sababu ya uzito.

Turudi kwa mama. Kabla hamjapanda mpeleke msalani, maana akiwa dirishani hatataka kuinuka, na akiinuka ni dakika ile ile ya Nyumba ya Mungu. Masikio yatamziba wakati wa kushuka, ambao ndio wakati wa mlima. Mpe peremende anyonye kuanzia mtakapoiona Pare. Mkanda asiukaze hadi ukamzuia kuegemea kioo.

Na mkikuta siti zimeshachukuliwa, mmebaki na za njiani tu, usikae kimya. Tazama nani yuko kwenye F ya mbele. Mara nyingi ni mtu wa biashara anayesafiri kila wiki, ameshafunga macho kabla mlango haujafungwa, pazia la dirisha ameshalishusha. Msalimie, mwambie, "Kaka, samahani, mama yangu ni wa Rombo, ana miaka 71, ni mara yake ya kwanza, anataka kuuona mlima." Sijawahi kusikia aliyekataa. Ila mwombe kabla ndege haijaanza kutembea, maana mkanda ukishafungwa mhudumu hataruhusu mtu kuhama mpaka mko juu ya Bagamoyo.